Laurentine na Simu Iliyomfuata Nyumbani

Laurentine Kasonde alifunga chumba chake cha kuchapa Jumatatu moja ya mwezi wa saba, wakati wa baridi na vumbi, na hakuna mteja aliyekuja kumuuliza kwa nini. Alifagia sakafu. Akateremsha kibao cha bluu kilichotangaza kwamba hapa wanachapa, wanatoa kopi na kujalidi, akakiegemeza ukutani. Mwenye nyumba, Papa Nzanzu, mfanyabiashara wa kutoka Butembo aliyekuwa na ghala la unga na mafuta upande wa pili wa ukuta, alitoka akasimama naye kidogo. Alimwambia kwamba chumba kitajaa magunia kabla ya wiki kwisha, na kwamba atakosa mtu wa kusalimiana naye asubuhi. Laurentine alimshukuru. Alikuwa amechoka mno hata hakuweza kuhuzunika. Akamkabidhi ufunguo, akaenda kutafuta taksi.

Alikuwa amezaliwa Kambove, katika nyumba za wafanyakazi, binti wa mtu wa reli. Baba yake alitoka kaskazini, upande wa Kabalo, akateremka na reli kituo baada ya kituo mpaka kwenye milima ya shaba, na huko akamwoa Ngosa, mama yake Laurentine. Alikuwa mtu wa grisi na moshi, na jambo moja alilomtakia binti yake mkubwa ni kazi ya kukaa kivulini. Kwa hiyo Laurentine alipelekwa kwa masista, Likasi, kujifunza ukatibu. Masista waliwafunika wasichana mikono kwa kitambaa ili wasitazame herufi, na baada ya muda vidole vya Laurentine vilijua vyenyewe pa kwenda.

Aliajiriwa katika ofisi ya kampuni moja ya madini mjini Lubumbashi, akachapa barua za wakubwa mpaka kampuni ikadhoofika na ofisi ikafungwa. Wenzake walirudi kwao au walivuka kwenda Zambia. Yeye alitafuta chumba kwenye barabara ya kwenda Kasapa, karibu na chuo kikuu, akaweka taipureta mezani. Miaka ilivyokwenda, taipureta ikaondoka, ikaja kompyuta nzito yenye kioo kama sanduku, na baada ya hiyo nyingine, nyembamba kidogo.

Kazi ile ilikuwa na majira yake, kama shamba. Mwanzoni mwa mwaka mambo yalikuwa kimya: barua za kuomba kazi, mialiko ya ndoa. Ilipofika miezi ya mwisho wa masomo, wanafunzi walikuja na memwari zao, ule utafiti ambao bila huo hupewi diploma, umeandikwa kwa kalamu kwenye makaratasi yaliyolowa jasho. Walikaa kwenye benchi pembeni yake, mmoja mmoja, wakimsomea kwa sauti sentensi baada ya sentensi, naye akichapa. Mgongo uliuma, macho yaliwasha. Lakini jua likishuka alizima mashine, akafunga mlango kwa kufuli, akapanda gari la kurudi kwao Annexe, pembezoni mwa mji. Huko hakuna aliyeweza kumpelekea ukurasa hata mmoja. Kazi ilibaki imefungiwa mjini.

Simu za mkononi ziliingia polepole, na kwa muda mrefu Laurentine hakuona kwamba zinamhusu. Kwanza walipotea watu wa barua za kuomba kazi. Halafu walipotea watu wa mialiko, maana mialiko ilianza kutumwa ikiwa na picha na muziki. Wanafunzi waliendelea kuja, ila sasa walikuja na sehemu tu: sura moja wameshaiandika wenyewe, wanataka aiunganishe na nyingine. Benchi likawa na nafasi, kisha likawa tupu.

Mwaka uliofuata aliingia msichana mmoja anayeitwa Graciella, mwanafunzi wa kilimo, mwembamba, wa kusema kwa upole. Hakuwa na karatasi yoyote mkononi. Alitoa simu yenye kioo kilichopasuka kona moja, akaiweka juu ya meza.

"Mama Laurentine, memwari yote iko humu," alisema. "Sina mashini. Niliandika na bidole bibili."

Laurentine aliichukua ile simu, akateremsha kwa kidole. Maandishi yalishuka na kushuka, hayakwisha. Graciella alimweleza kwamba anakaa kwa shangazi yake, watoto ni wengi, meza hakuna. Ameandika akiwa kwenye foleni ya maji, ameandika kitandani, ameandika akingoja sufuria ichemke. Memwari ilihusu mashamba madogo ya mboga ya Annexe, na Laurentine, ambaye mume wake alikuwa na moja ya mashamba hayo, alisoma ukurasa mmoja akaona ni kazi nzuri. Kilichokosekana ni sura ya nje tu: vichwa vya habari, majedwali, namba za kurasa. Hayo simu ile haikuyakubali vizuri, au Graciella hakuwa bado ameyajua.

Kabla hawajaanza, kompyuta ilizimika. Ilikuwa imeshazoea kuzimika umeme ulipokatika, lakini siku ile umeme ulikuwapo. Fundi aliyeifungua alisema kwamba moyo wake umekufa na moyo wa aina ile hautengenezwi tena. Laurentine alikaa mbele ya kioo cheusi kwa muda, mikono juu ya vitufe. Ni Graciella aliyevuta kiti akakaa upande wake, akamwomba Laurentine simu yake, akamwonyesha namna ya kufungua kazi ile ndani yake, kupanga ukurasa, na kuurudisha kwa mwenye kazi bila waya wala karatasi. Walikaa hivyo siku nzima, vichwa vyao vikigusana juu ya kioo kidogo. Jioni, sura ya kwanza ilikuwa imepangwa.

Laurentine alitazama chumba kilichomzunguka. Meza, kabati, benchi, mashine ya kutoa kopi. Akaona kwamba hakuna hata kimoja walichokitumia siku ile. Wiki chache baadaye alimpa Papa Nzanzu ufunguo wake.

Alidhani atapumzika. Liévin, mume wake, naye alidhani hivyo. Liévin alikuwa fundi wa vichwa vya treni enzi zake. Sasa alilima mahindi na mchicha wa lengalenga nyuma ya nyumba na kumwagilia kwa ndoo, mtu wa maneno machache ambaye simu yake mwenyewe ilianguka kisimani na hakuona haja ya kutafuta nyingine. Aliyemtaka alimpata kupitia kwa mke wake. Alimtengenezea Laurentine kiti cha mbao chenye mgongo, akakiweka nyuma ya jiko, mahali ambapo mtandao ulishika vizuri, akamwambia kwamba sasa atachapa akinusa chakula chake mwenyewe.

Graciella alimpa mwenzake mmoja namba ya Laurentine, huyo akawapa wengine. Mwisho wa mwezi wa tisa, namba ile ilikuwa imezunguka chuo chote. Watu ambao Laurentine hajapata kuwaona walimtumia memwari zao zikiwa vipande vipande, kipande kimoja asubuhi, kingine mchana, na nyuma yake ujumbe wa sauti wa kueleza kwamba kile cha asubuhi akitupe. Masahihisho ya walimu yalikuja yamepigwa picha. Wengine walisoma masahihisho kwa sauti wakiwa barabarani, na katikati ya sentensi honi zilifunika neno lililohitajika.

Na ukurasa ulikuwa na ukubwa wa kiganja. Hilo ndilo lililomchosha kuliko yote. Kwenye kompyuta aliona ukurasa mzima na akajua pale pale umekaa vibaya wapi. Kwenye simu aliona pembe. Akikuza maandishi ili ayasome, sentensi ilitoka nje ya kioo. Akiyapunguza ili aione sentensi, herufi zikawa chungu. Jedwali moja la Graciella, la aina za mbolea, lilimlia siku mbili. Vidole vyake kumi, vilivyofundishwa na masista, vilikaa bure, na kazi yote ikabebwa na gumba la kulia, ambalo lilivimba kwenye kiungo. Alilisugua kwa mafuta ya mawese yaliyopashwa moto, akalifunga kitambaa, akaendelea.

Lakini uchovu wa mwili aliujua tangu zamani. Huu mwingine hakuujua. Wanafunzi hawakujua kwamba kuna saa ya kufunga. Walimwandikia akiwa kanisani, walimwandikia akila. Asipojibu, walimtumia alama ya kuuliza, peke yake, bila neno. Walipoanza kumpigia mfululizo, alizima sauti ya simu, ikabaki inatetemeka tu mfukoni mwa kitenge. Baadaye hata mtetemo akauondoa, akawa anaitazama mwenyewe. Akajikuta anaitazama kila mara.

Siku moja wakati wa chakula, bukari, ule ugali wao, ikiwa mezani na mvuke bado unatoka, alikuwa anateremsha kioo kwa gumba lake bovu huku mkono mwingine umeshika tonge. Liévin alinawa, akala, akamaliza. Alipofuta mikono alisema bila hasira:

"Mama Chance, mbele ulikuwa unarudiaka hapa mangaribi. Unachoka, lakini ulikuwa unarudia. Sasa hauendake fasi yoyote, na haurudiake."

Chance ni mtoto wao wa kwanza, aliyekuwa akifanya kazi Kolwezi. Laurentine alimjibu kwamba ni msimu tu, memwari zitakwisha, watapumua. Liévin alikubali kwa kichwa, akachukua ndoo yake.

Huko Kambove, Albertine, mdogo wake Laurentine, alikaa na mama yao. Mama Ngosa alikuwa mzee sasa, lakini bado alitembea mpaka kanisani na bado alichambua maharage yake mwenyewe. Albertine alipika bukari na samaki kuwauzia wachimbaji waliotoka kwenye mashimo ya shaba, na kati ya wateja alishika simu. Alipenda kutuma. Kila asubuhi Laurentine alipokea kutoka kwake somo la misa ya siku, picha ya mishumaa, sala ya kutuma kwa watu wengine, video ya mchungaji fulani, na maua yanayong'aa yenye maneno ya kumtakia siku njema. Zamani Laurentine alifungua yote. Msimu wa memwari ulipopamba moto, alianza kuyapita. Aliona jina la Albertine na tarakimu ya ujumbe ambao haujafunguliwa, akajua ni mishumaa na maua.

Alhamisi moja, katika joto lile linalotangulia mvua, Mama Ngosa alianguka mlangoni pa jiko. Albertine alimkuta amelala ubavu, mdomo umevutwa upande mmoja, jicho moja linamtazama. Alimpigia dada yake. Simu iliita mpaka ikakata. Alipiga tena akiwa anatafuta mtu wa kumbeba mama, akapiga tena nyuma ya pikipiki huku amemshikilia mama yake kifuani asianguke. Hospitalini alituma ujumbe wa sauti, kisha mwingine. Liévin hakuwa na simu, na Albertine hakujua namba ya jirani yeyote.

Laurentine alikuwa kwenye kiti chake nyuma ya jiko. Majina yalipita juu ya kioo, ya wanafunzi na ya mdogo wake yamechanganyika, na yeye aliyasukuma yote juu kwa kidole ili aone jedwali.

Jumamosi mchana alikuwa anatafuta ujumbe wa sauti wa mwanafunzi mmoja aliyesoma masahihisho ya mwalimu wake. Hakukumbuka jina la mwanafunzi, kwa hiyo akaanza kushuka mmoja mmoja, akigusa na kusikiliza kidogo. Akagusa. Sauti iliyotoka ilikuwa ya Albertine, na haikuwa inasali. Ilikuwa inapumua kwa shida kama ya mtu aliyepanda kilima, na nyuma yake kulikuwa na vyuma vya kitanda vinavyosukumwa. Laurentine aliusikiliza ujumbe wote akiwa amekaa. Akasikiliza wa pili. Kisha akasimama, akaenda kwa Liévin kati ya mahindi, akamwekea simu sikioni.

Alisafiri kwenda Kambove Jumapili asubuhi. Njiani, kupita Likasi, hakuifungua simu hata mara moja.

Mama Ngosa alikuwa bado yu hai. Alilala karibu na dirisha, mdogo kuliko Laurentine alivyomkumbuka, mkono wa kulia umewekwa juu ya shuka kama kitu cha mtu mwingine. Maneno yalikuwa yamekwenda. Alipomwona Laurentine, jicho lake zima lilijaa maji, na kooni ikatoka sauti isiyo na umbo. Muuguzi alieleza kwamba ni mshipa wa kichwani, kwamba nguvu nyingine zitarudi na nyingine hapana. Laurentine aliuliza swali alilolibeba njia nzima: kama angefika mapema, ingekuwa tofauti? Muuguzi alisema hapana. Kwa mgonjwa, hapana.

Albertine alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda. Gauni lake lilikuwa lile lile la Alhamisi, na lilionyesha hivyo. Alingoja mpaka muuguzi ametoka.

"Yaya, nilikuita," alisema, kwa jina lile la kumwitia dada mkubwa. "Nilikuita sana. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa ku nyumba."

"Na telefone?"

Laurentine alitazama mikono yake. Angeweza kusema ilikuwa imezimika, au mega za mtandao zilikuwa zimekwisha, na Albertine angeamini.

"Nilikuwa nayo mu mikono," alisema.

Albertine alitikisa kichwa kidogo, mara kadhaa, akaanza kukunja kitenge kilichokuwa juu ya kitanda, akakikunja mpaka kikawa kidogo sana. Ndipo alipoanza kulia, kimya, naye Laurentine akazunguka kitanda akamshika. Mdogo wake alikuwa mzito na wa baridi, kama mtu ambaye hajalala. Alimpeleka nyumbani, akampashia maji ya kuoga, akarudi hospitalini kuchukua zamu.

Walipomtoa mama hospitalini, Laurentine alibaki Kambove. Alimpigia mke wa jirani yao wa Annexe ili amweleze Liévin, na Liévin akajibu kupitia kwa huyo kwamba akae mpaka atakapoona inafaa, mahindi hayana haraka. Na hapa palitokea jambo ambalo lilimchanganya Laurentine kila alipoliwaza. Zamani, chumba cha Kasapa kingemrudisha baada ya siku chache, kwa sababu kazi ilikuwa kule na mashine ilikuwa kule. Sasa kazi ilikuwa mfukoni. Simu ile ile iliyomzuia asimsikie mama yake ndiyo iliyomruhusu akae naye. Asubuhi alimgeuza, akamwosha, akambadilisha shuka, na kati ya moja na jingine akapanga kurasa. Alijifunza kubonyeza kwa gumba la kushoto. Albertine alirudi kwenye mbabula yake ya makaa na wateja wake, maana nyumba lazima ipate chakula.

Ilipita wiki, ikapita nyingine. Siku ya Graciella ya kutetea memwari yake mbele ya walimu ikakaribia, na mwalimu wake akawa amerudisha majedwali yote yabadilishwe. Graciella aliandika kwa heshima, lakini aliandika kila wakati. Alijua Mama Laurentine ana mgonjwa, alisema, na anamwombea, ila je, ukurasa wa arobaini umefika? Laurentine alimlisha mama uji kwa mkono mmoja na kumjibu Graciella kwa mwingine.

Albertine alimtazama hivyo siku nyingi. Mwishowe, asubuhi moja akiwa anapanga sahani zake kwenye beseni, alisema:

"Yaya, uko hapa. Lakini hauko na siye."

Laurentine alisema anamaliza, ni huyu mmoja tu. Akachota uji, akapeleka kijiko. Mama Ngosa alifunga mdomo. Laurentine aligusa midomo yake kwa kijiko kama anavyoguswa mtoto, lakini mama hakufungua. Jicho zima lilimtazama binti yake usoni, kisha likashuka mkononi. Mama Ngosa akanyoosha mkono wa kushoto, ule uliobaki na nguvu, akaishika simu. Laurentine alidhani anataka kuona picha ya Chance, akamwachia. Mama aliichukua polepole, ikamponyoka juu ya shuka, akaishika tena. Akaiingiza chini ya paja lake, akahama kidogo, kwa jitihada iliyomtoa jasho, mpaka uzito wa mwili wake wote ulio hai ukakaa juu ya ile simu. Kisha akafungua mdomo kungoja uji.

Laurentine alibaki na kijiko hewani.

"Wacha," Albertine alisema kutoka mlangoni. "Wacha ailalie."

Alimlisha bakuli zima. Mama alikula vizuri kuliko siku zote. Alipomaliza, Laurentine alimfuta kidevu, akangoja. Mama hakusogea. Angeweza kupitisha mkono chini na kuitoa, isingekuwa kazi. Mama hakuwa na nguvu za kushindana. Hakufanya. Alikaa chini kwenye mkeka, akaegemeza kichwa kwenye ukingo wa godoro, na kabla hajajua akawa amelala. Alilala mpaka Albertine aliporudi na beseni tupu, jua limegeuka upande wa pili wa nyumba, na mkono wa kushoto wa mama ulikuwa kichwani kwake, umetua kwenye nywele zake zenye mvi.

Simu aliitoa wakati wa kumbadilisha mama shuka. Ilikuwa na joto. Ujumbe wa Graciella ulikuwa mwingi, na aliusoma kwa mpangilio, akiwa amesimama. Kwanza ukurasa wa arobaini. Halafu majedwali. Alama ya kuuliza. Mama, uko salama? Alama nyingine. Halafu kimya kirefu, na baada yake maneno haya: "Mama Laurentine, usisumbuke tena. Nilifanya miye mwenyewe na mwenzangu Keren. Tulipata namna. Yote iko muzuri. Uangalie mama."

Alilisoma tena lile neno, tulipata namna. Kilichomjia kwanza kilikuwa nafuu, kama mtu anayetua gunia. Kilichofuata kilikuwa baridi. Miezi yote ile aliamini kwamba akiachia kwa saa moja mtoto wa watu atakosa diploma. Ameachia kuanzia asubuhi hadi alasiri, na wasichana wawili wamepanga majedwali yao kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Hakumkasirikia Graciella. Alimwandikia kwamba amefanya vema. Siku iliyofuata ikaja picha: Graciella mbele ya ukumbi, amemwagiwa poda nyeupe kichwani na mabegani kama wanavyomwagiwa wanaofaulu, anacheka macho yamefumba. Laurentine alimwonyesha mama yake. Mama aliitazama picha kwa muda, akaisukuma pembeni kwa upole.

Laurentine alirudi Lubumbashi mvua zilipokuwa zimeshika. Mama Ngosa alikuwa anaweza kukaa akiegemea ukuta, na neno moja au mawili yalikuwa yamerudi, ingawa si yale aliyokusudia: alisema maji akitaka taa. Liévin alimpokea mke wake kituoni akiwa na mwavuli mmoja. Hakumuuliza kitu mpaka walipofika.

Alijaribu kuweka utaratibu. Alinunua simu ndogo ya vitufe, isiyo na picha wala mtandao, akampa Albertine namba yake na kumwambia hii ni ya nyumba tu, ikilia nitaruka kuipokea. Ile kubwa alisema ataizima mahindi ya jioni yakiwekwa motoni. Liévin aliona ni jambo la akili. Albertine alipiga simu ndogo mara moja, wakaongea, wakakata. Mara ya pili alipiga ile kubwa.

"Yaya, mama anataka kuona sura," alieleza. "Nikimuwekea paka sauti tu, anatafuta nyuma ya telefone uko wapi."

Kwa hiyo simu ndogo ilibaki kabatini, na kubwa ikabaki imewashwa.

Memwari zimepungua mwaka huu. Wanafunzi wengi wanapata namna wenyewe, na wanaobaki kwa Laurentine ni wale wasio na mwenzao wa kuwasaidia, au walio wazee kidogo, walimu wa shule za msingi waliorudi chuoni. Hao nao huandika wakati wowote. Gumba halijapona sawasawa. Macho amepimwa, akapewa miwani ambayo inamtosha kwa ukurasa na haimtoshi kwa barabara.

Jioni Albertine humpigia, na Laurentine hukaa kwenye kiti chake nyuma ya jiko, akiegemeza simu kwenye kopo la sukari. Kwenye kioo anatokea Mama Ngosa, karibu sana, maana Albertine hajui kushika mbali: paji la uso, jicho moja, nusu ya mdomo. Hawasemi mengi. Laurentine humweleza kwamba mvua imenyesha, kwamba baba Chance amevuna lengalenga. Mama hutazama. Na wakati anatazama, ujumbe wa wanafunzi huanza kushuka kutoka juu ya kioo, mmoja baada ya mwingine, ukikaa juu ya paji la uso wa mama yake, na Laurentine huusukuma kwa kidole, huu, na huu, na huu tena, ili amwone.